Fidia ya Vidole Vitatu

Katika miaka yangu yote ya ualimu nilifundisha lugha, na mtu aliyefundisha lugha haachi kuyapima maneno hata baada ya kustaafu. Chukua neno "hasara". Mwenye duka lililoungua husema amepata hasara. Aliyevunjika mguu hasemi hivyo, husema ameumia. Aliyesingiziwa wizi husema amevunjiwa heshima. Na aliyefiwa aghalabu hasemi chochote. Ni sisi wengine tunaomwambia pole. Kiswahili kimeyatenga madhara haya, kila moja na kitenzi chake, lakini malipo yake yote tumeyarundika katika neno moja tu, fidia.

Neno hili nimelifikiria kwa zaidi ya miaka 30, na sababu yake ni vidole vitatu vya mtu mwingine.

Mwaka 1988 nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu, nikiwa na miaka 40 na fahari nyingi kuliko busara. Chuo chetu, kama vyuo vingine vya enzi za Elimu ya Kujitegemea, kilikuwa na shamba la mahindi, banda la kuku, na karakana ya useremala ambamo wanachuo walitengeneza madawati na vitanda vyao wenyewe. Karakana ilikuwa na mashine ya kupasulia mbao, msumeno wa mviringo unaokwenda kwa umeme. Juu ya msumeno wa namna hiyo hukaa kifuniko cha chuma cha kukinga mkono wa fundi. Chetu kilivunjika mwezi wa Machi. Mwalimu wa karakana, mtu mwangalifu na mwenye maneno machache, aliniandikia barua kueleza kuwa mashine haifai kutumiwa mpaka kifuniko kipatikane. Niliisoma, nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Isubiri bajeti ya Julai." Juu ya kuifunga mashine sikuandika neno, kwa sababu tulikuwa na madawati 60 ya kumalizia kabla ya mgeni rasmi kuja.

Mwezi wa Mei mwanachuo mmoja wa mwaka wa pili, kijana wa miaka 20 aliyetoka vijiji vya Singida, alikatwa na msumeno ule. Alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia: kidole gumba, cha shahada, na cha kati. Nilifika karakana akiwa bado amesimama, mkono ameuviringisha kwa shati la mwenzake, na jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba ubao haukuharibika.

Msomaji aliyepata kushika chaki ashike kalamu sasa hivi, aone inashikwa na vidole vipi. Ni vitatu vilevile.

Nililazimika kuandika taarifa kwa wakubwa wangu. Niliandika usiku, kwa taa ya kandili kwa kuwa jenereta lilikuwa limezimwa. Nilieleza siku, saa, na huduma ya kwanza tuliyotoa. Nilipofika mahali pa chanzo cha ajali nilikaa muda mrefu. Kisha nikaandika kuwa ajali ilitokea "kwa haraka na uzembe wa mwanachuo mwenyewe." Sikuwa nimeona ajali hiyo. Barua ya mwalimu wa karakana ilikuwa ndani ya kabati langu, umbali wa hatua mbili kutoka nilipokaa.

Likizo ilipofika nilimsindikiza kijana mpaka kwao, nikamweleza mama yake mambo yale yale: kwamba mwanawe alikuwa na haraka. Nilimpa bahasha yenye shilingi 11,350 zilizochangwa na walimu na wanachuo. Tuliziita kifuta machozi, na jina hilo lilitufaa sana. Anayetoa kifuta machozi hakubali kosa lolote. Sheria zetu zenyewe zinaijua tofauti hiyo: kanuni za wanyamapori za mwaka 2011, zinazohusu watu waliouawa au kujeruhiwa na tembo, simba na wanyama wengine wakali, na mazao yaliyoliwa, hazikuyaita malipo yale fidia. Ziliyaita kifuta machozi na kifuta jasho, maana Serikali haikutaka isemwe kuwa inadaiwa kwa makosa ya tembo. Kwa tembo naelewa. Mimi sikuwa tembo.

Mwaka uliofuata nilikutana na rafiki yangu tuliyesoma pamoja sekondari, ambaye alikuwa amekuwa mwanasheria. Nilimweleza habari ile kama kisa cha chuo kingine. Nadhani alinielewa tangu mwanzo, ila alikuwa mtu wa adabu. Jioni nzima alinifundisha jambo ambalo mimi, mkuu wa chuo, sikulijua.

Alianza na shabaha. Fidia, alisema, haikukusudiwa kumtajirisha mtu wala kumfurahisha. Kanuni iliyowekwa wazi katika shauri moja la mgodi wa makaa ya mawe la Uskochi, lililoamuliwa mwaka 1880, ni kumrudisha aliyedhurika mahali ambapo angekuwa kama asingetendewa kosa, kadiri fedha zinavyoweza kumrudisha. Kisha sheria huyagawa madhara mafungu mafungu. Kuna fidia mahususi: nauli ya hospitali, dawa, mshahara uliokatika, vitu vyenye risiti, na hapo hakimu hakubali makadirio, anataka tarakimu na ushahidi wake. Kuna fidia ya jumla: maumivu, ulemavu, na raha za maisha zilizopotea, ambazo hazina risiti, na hakimu huzikadiria kwa kulinganisha na mashauri yaliyotangulia. Kuna fidia ya adhabu, ambayo si ya kumrudisha mtu mahali pake bali ya kumkanya mkosaji, na mahakama huitoa kwa nadra, kwa mfano pale watumishi wa Serikali wanapotumia madaraka yao kwa uonevu. Na kuna fidia ya jina tu, shilingi chache za kutamka kwamba haki ya mtu imevunjwa ijapokuwa hakupata hasara ya kupimika.

"Je, kuna hasara isiyolipwa kabisa?" nilimwuliza.

Alicheka, akasema ipo, na inawahusu walimu. Mwaka 1410, huko Gloucester, Uingereza, walimu wa shule kongwe walimshitaki mwalimu mwingine aliyefungua shule yake karibu nao. Ada yao ilikuwa imeshuka kutoka peni 40 hadi 12. Mahakama ilisema hasara wameipata kweli, ila hawakutendewa kosa, kwa hiyo hawana cha kulipwa. Kinyume chake ni yule Bibi Donoghue wa Uskochi, aliyekunywa soda ya tangawizi mwaka 1928 na kudai kuwa ndani ya chupa mlikuwa na konokono aliyeoza. Chupa aliinunua rafiki yake, hivyo yeye hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Mwaka 1932 majaji walio wengi wa Baraza la Mabwana walisema hilo si kitu: mtu ana wajibu wa kuwa mwangalifu kwa kila jirani yake, na jirani ni yeyote ambaye ungepaswa kumfikiria kabla hujatenda au kuacha kutenda. Konokono mwenyewe hakupata kuthibitishwa mahakamani, lakini wajibu ulibaki.

"Kuacha kutenda" ni maneno yaliyonikera kwa wiki kadhaa.

Nilimwuliza kuhusu sheria ya fidia kwa wafanyakazi, maana nilisikia ina jedwali. Akasema inalo: kila kiungo kimewekewa asilimia ya uwezo wa mtu wa kufanya kazi, na kidole gumba kimepewa asilimia kubwa kuliko vidole vingine. Lakini sheria ile, ya wakati ule, iliyokuja kubadilishwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ilikuwa ya wafanyakazi. Mwanachuo si mfanyakazi. Alikuwa akitengeneza dawati la Serikali, kwa mashine ya Serikali, kwa amri ya mtumishi wa Serikali, lakini mshahara hana, kwa hiyo katika jedwali hayumo.

Majedwali hayo nimeyatafuta tangu siku ile kama wengine wanavyotafuta stempu. Mfalme Æthelberht wa Kent, yapata mwaka 600, aliweka shilingi 20 kwa kidole gumba, 11 kwa kidole cha mwisho, na 4 tu kwa kidole cha kati. Kwa nini kidole cha mwisho kikishinde cha kati karibu mara tatu, sijaona maelezo yanayoniridhisha. Mwalimu mwenzangu wa Kiislamu alinieleza kuwa katika diya, ambayo kwa roho ya mtu ni ngamia 100, kila kidole ni ngamia 10, na gumba ni sawa na kidole cha mwisho. Nilipenda usawa huo. Ukikubali kwamba hujui kidole kina maana gani kwa mwenyewe, afadhali uvilinganishe vyote. Lakini hakuna jedwali hata moja kati ya haya lililouliza ni kidole kipi kinachoshika chaki.

Rafiki yangu alimaliza kwa kunieleza njia iliyokuwa imebaki. Kijana angeweza kushitaki kwa uzembe. Kama angeonekana naye alichangia ajali, fidia ingepunguzwa kwa kiasi cha kosa lake, isingefutwa. Ila palikuwa na milango miwili. Kwa sheria ya wakati ule, kama ilivyorekebishwa mwaka 1974, aliyetaka kuishitaki Serikali alipaswa kwanza kupata kibali cha Serikali hiyohiyo. (Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, iliamua kuwa sharti hilo linakwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 1994 likaondolewa, ikabaki notisi ya siku 90.) Mlango wa pili ulikuwa wa muda: kwa Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971, madai ya namna hii hufungwa baada ya miaka mitatu.

"Huyo kijana wa chuo kile," alisema akiniangalia, "ana mpaka Mei 1991. Akiwa na ushahidi kwamba mkuu alionywa, kibali kinaweza kutafutwa. Je, mkuu alionywa?"

Nilisema sijui.

Hapo nataka msomaji anielewe vizuri. Kijana hakujua sheria, na angeijulia wapi? Sheria zenyewe ziliandikwa kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu ndipo Kiswahili kilipofanywa kwa sheria kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mtu pekee aliyejua kwamba ana madai, aliyejua ushahidi uko wapi, na aliyejua siku ya mwisho, nilikuwa mimi, na alikuwa akinisalimia shikamoo kila asubuhi. Alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Nilimwona jioni peke yake darasani akiandika a, e, i, o, u ubaoni, akifuta, akiandika tena. Alifaulu, akapata cheti chake cha Daraja la IIIA, akapangiwa shule ya msingi mkoani kwao. Mei 1991 ilifika siku ya kazi ya kawaida. Nakumbuka nilikuwa na kikao cha bodi.

Nilistaafu mwaka 2008. Nilipokuwa nikisafisha ofisi niliikuta barua ile, wino mwekundu ukiwa umegeuka rangi ya kutu. Ningeweza kuichana. Niliichukua nyumbani, nikakaa nayo miaka minne mingine, maana woga haustaafu na mtu. Mwaka 2012 nikapanda basi kwenda Singida.

Alikuwa na miaka 44, mwalimu wa kawaida katika shule yenye madarasa saba na mti mmoja mkubwa wa mkwaju. Alinipokea kwa heshima ambayo sikustahili, akaniwekea kiti kivulini. Nikampa barua. Aliisoma akiwa ameishika kwa mkono wa kushoto, kisha akasoma tena maneno ya pembeni.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Nilikuwa na akiba kidogo ya kiinua mgongo changu na nilikuwa tayari kumwambia kiasi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema:

"Mwalimu, vidole nilikwisha kuvizoea. Ila hilo neno 'uzembe' sijalizoea."

Ndipo aliponieleza. Nakala ya taarifa yangu ilikuwa imemfuata katika faili lake la utumishi. Mwaka 2001 alipopendekezwa kuwa mwalimu mkuu, mtu fulani alilifungua faili, akasoma, akauliza kama mtu mzembe kwa mikono yake mwenyewe anaweza kukabidhiwa shule. Mara ya pili iliulizwa vivyo hivyo. Na nyumbani ilikuwa mbaya zaidi. Mama yake aliniamini. Kwa miaka 24, kila alipochelewa kulipa ada ya mtoto, au alipouza alizeti mapema kwa bei ndogo, mama alimwambia haraka haina baraka, akautazama ule mkono. Alisema hivyo kwa mapenzi, kama mama anavyosema.

Rafiki yangu mwanasheria alikuwa amenifundisha mafungu yote ya madhara jioni ile, na mimi nilikuwa nimeyapanga vizuri kichwani kama mada ya somo: ya risiti, ya maumivu, ya adhabu, ya jina. Dhara hili halikuwamo katika hesabu yangu. Sheria inalijua, inaliita kashfa, na hilo nalo lina muda wake wa ukomo. Lakini mimi nilikuwa nimekwenda kulipia vidole. Kosa la mashine lilidumu dakika moja, na bajeti ililichangia, na haraka ya madawati, na pengine hata yeye mwenyewe kidogo. Kosa la taarifa nililitenda peke yangu, kwa hati nzuri, na lilikuwa likiendelea kufanya kazi kila siku tangu nilipotia sahihi.

Nilimwuliza anataka nini. Akasema anataka iandikwe.

Niliandika palepale, kwenye karatasi ya daftari la mwanafunzi, maana sikuwa tena na karatasi yenye nembo wala mhuri. Niliandika kwamba mashine haikuwa na kinga, kwamba nilionywa kwa maandishi, kwamba niliacha mashine iendelee kutumika, na kwamba sikuwa na ushahidi wowote wa uzembe wa mwanachuo. Alipoisoma alinirudishia, akaniomba kwa upole niongeze tarehe ya barua ya mwalimu wa karakana na maneno niliyoandika pembeni, neno kwa neno. Nikaongeza. Habari ya fedha alisema tutaizungumza wakati mwingine, na tuliizungumza, lakini hayo ni yetu wawili.

Jioni tulikwenda kwa mama yake. Alikuwa amekonda sana, akipeta uwele mlangoni. Alinikumbuka. Kiswahili alikielewa, ila mwanawe alisema kwa jambo zito hupenda kusikia Kinyaturu. Basi nilisoma sentensi, naye akaitafsiri. Nikasoma nyingine, akaitafsiri. Sijui Kinyaturu, kwa hiyo sijui kama aliyatafsiri yote. Nilipofika kwenye neno "uzembe" nilimsikia akilitamka kwa Kiswahili, kama lilivyo.

Mama aliuweka ungo chini. Aliniuliza, kwa Kiswahili safi, "Mwalimu, kwa hiyo mimi nilimsema bure?"

Nikasema, "Ndiyo, Mama. Kwa sababu yangu."

Hakunijibu. Alimwambia mjukuu wake jambo fulani, na msichana akaingia ndani akatoka na maji ya kunawa. Tulikula bila mazungumzo mengi. Ugali wa uwele na mlenda. Mwanawe alikula kwa mkono wa kushoto, na kwa mara ya kwanza nilielewa kuwa kwa miaka yote ile alikuwa akila hivyo mbele za watu wazima wa kwao.

Baada ya kula aliikunja barua mara mbili, akaitia katika mfuko wa shati. Kisha akaitoa tena.

"Mwalimu, hii itakaa kwa mama," alisema. "Je, unayo nakala ya kupeleka kwenye faili, Halmashauri?"

Sikuwa nayo. Nikaomba karatasi nyingine na taa, nikaanza kuandika upya.